Rozari Iliyopita Getini Kwangu

Muuguzi aliyekuwa ananiuliza maswali siku ile kliniki alikuwa binti mpole, umri sawa na mtoto wangu wa kwanza, na nilimsumbua bure. Nakiri. Alikuwa na karatasi zake zimebanwa pini, akanieleza vizuri kwamba wanataka kujua watu wenye ugonjwa wangu wanaishi maisha ya namna gani. Si kuumwa tu, alisema, kuishi. Nijibu kwa namba: moja ni vibaya kabisa, tano ni vizuri sana.

Ugonjwa wangu ni ule unaompandisha mtu mpaka anaona hakuna kinachomshinda duniani, halafu unamshusha mpaka kuoga kunakuwa safari. Daktari anauita bipola. Nimekaa nao miaka kumi na minne, na ndoa yangu ina ishirini na mbili, kwa hiyo nyumbani kwetu Kiseke ugonjwa huu ni kama mpangaji wa siku nyingi. Hatumpendi, ila tabia zake tunazijua.

"Mama, katika wiki mbili zilizopita umejisikia mwenye furaha kiasi gani?"

"Sasa mwanangu, nikikwambia tano, mume wangu akiiona hiyo tano atampigia daktari simu. Nikikwambia mbili, wewe utanionea huruma. Basi andika tatu."

Akaandika tatu. Usingizi, tatu. Hamu ya kula, nne, maana dawa zile zinamfanya mtu atamani hata viazi vibichi. Kazi, nikasema tano bila kufikiri, akaniangalia.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nashonea katika duka la vitambaa pale Mirongo, la familia moja ya Kihindi iliyoanza biashara hiyo kabla sijazaliwa. Jambo la kwanza nililofundishwa pale ni kwamba dirisha halipimwi kwa mdomo wa mwenye nyumba. Mtu anakuja anakwambia dirisha langu ni futi tano, ukikata kitambaa kwa maneno yake umeula wa chuya. Unakwenda mwenyewe, unapanda juu ya stuli, unapima juu, unapima katikati, unapima chini. Mwanza hii tumejenga juu ya mawe, na ukuta wa mlimani unafuata jiwe linavyotaka. Mara nyingi vipimo vitatu vinatofautiana. Kwa hiyo yule binti aliponiambia nimpe namba moja ya wiki mbili nzima, nilipata hasira ya kifundi. Nilitamani kumwambia ashuke kwenye kiti chake twende nyumbani akapime dirisha.

Tukafika swali la majirani. Je, wanakuchukuliaje?

"Tano," nikasema. "Wananipenda mno."

Akaandika, akafungua ukurasa wa pili. Mimi nikabaki kwenye ule wa kwanza. Swali lililofuata sikulisikia.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Ile ya majirani ifute. Weka moja."

"Si umesema wanakupenda?"

"Wananipenda mpaka hawanipangii zamu."

Hakuelewa, na sikumlaumu. Hata mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema neno hilo kwa sauti.

Sisi ni Wakatoliki, watu wa Kagera tuliohamia huku, na mtaani kwetu tuna jumuiya, familia kama ishirini hivi zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Mwezi wa kumi ni mwezi wa rozari. Kila jioni sanamu ya Bikira Maria inatolewa nyumba iliyolala jana, inapelekwa kwa maandamano na nyimbo mpaka nyumba nyingine, watu wanasali, wanakunywa chai, na Mama analala pale. Kila nyumba ina siku yake. Ni heshima, na ni kazi. Wiki ya zamu yako unasugua mpaka masufuria ambayo hakuna atakayeyaona.

Zamu yangu ya mwisho ilikuwa miaka sita iliyopita, na nilikuwa juu. Sikuwa nimelala siku nne. Rozari ilipoisha nikaanzisha litania ya watakatifu, na ilipoisha nayo nikaona watakatifu wamepungua, nikawaongeza. Nikamwongeza bibi yangu mzaa mama. Nikamwongeza mwalimu wangu wa darasa la tatu. Nikamwongeza mama mmoja wa Kirumba anayeniuzia sato, ambaye hata hajafa. Watu wakaendelea kuitikia "utuombee", maana mazoea ni mazoea. Walipokuja kushtuka nilikuwa nimeshafunga geti kwa kufuli, ufunguo nimeutia kifuani, nikawatangazia kwamba hatoki mtu mpaka tuwamalize wote. Katikati ya hapo nikagawa viatu vya mume wangu, jozi zote. Yeye alirudi kutoka kazini na kandambili zake, akakuta geti limefungwa na ndani watu wanaimba. Aliruka ukuta wa nyumba yake mwenyewe, watoto wa mtaa wakimshangilia.

Nililazwa wiki sita. Niliporudi nilikuwa chini, chini kabisa, na hapo ndipo jumuiya ile ilipoonyesha ubinadamu wake. Wanawake walinichotea maji. Walinifulia. Walileta ndizi, walileta dagaa waliokwisha kuchambuliwa mchanga. Viatu vilirudi kimyakimya, jozi moja moja, vimewekwa barazani vikiwa vimepakwa rangi. Nikikumbuka siku zile nashukuru mpaka leo, na sitaki mtu asome haya akadhani nawasema vibaya. Ni kwamba mimi nilipona, na huruma yao haikujua kwamba nimepona.

Zamu za kupika kwenye misiba, nikaambiwa wewe pumzika. Kusoma somo, wewe pumzika. Nikifika kwenye shughuli naletewa kiti, tena cha mbele, wenzangu wako chini kwenye mkeka wanamenya na kuchekeshana. Nikicheka mimi, wote wananyamaza kwanza kusikiliza ni kicheko cha aina gani.

Na mwezi wa kumi, sanamu ilikuwa inatoka kwa jirani yangu wa kushoto, inazungushwa mtaani, inakwenda kwa jirani yangu wa kulia. Nilikuwa nawasikia kuanzia kona ya juu, wanaimba kwa nguvu zao zote. Wakifika getini kwangu wanashusha sauti. Wanapita wakiimba polepole, kama watu wanaopita chumba chenye mtoto aliyelala, ukuta wangu ukiisha sauti zinapanda tena. Miaka mitano nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza sauti zikishuka na kupanda. Walifanya hivyo kwa upendo, nilijua. Sijawahi kuumizwa na matusi namna ile.

Kwa hiyo siku ile ya maswali, nilipotoka kliniki sikwenda dukani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa jumuiya, mama mtu mzima, mjane, mwalimu mstaafu. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umekula?"

Hilo nalo. Miaka sita kila akiniona ananiuliza kama nimekula.

"Nimekula. Nimekuja kuuliza habari ya zamu yangu ya rozari."

"Kaa kwanza."

"Nitakaa nikishajibiwa, mama." Haikuwa adabu, najua. Mama yangu angesikia angenifinya.

Hakukasirika. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na daftari la ratiba. Akanifunulia mwaka ule, na uliopita, na uliotangulia. Jina langu lilikuwepo. Kila mwaka liliandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wake wa ubaoni, katikati ya majirani zangu wawili, na kila mwaka lilipigwa mstari kwa penseli.

"Mimi nakuandika," alisema. "Mume wako anakuja kuniomba nikufute. Nikamheshimu, ni mwenye nyumba. Lakini nikatumia penseli."

Nikakaa.

Mume wangu ni fundi wa injini za boti, kazi yake iko ufukweni, na siku zangu za kliniki huwahi kurudi ili apike yeye. Nilimkuta uani anamenya ndizi, mikono bado ina harufu ya petroli.

"Umekuwa unanifuta," nikamwambia.

Hakuuliza wapi. Akakiweka kisu chini.

"Unaogopa nitafunga geti tena?"

"Geti sina shida nalo. Kuruka nilishajifunza."

Mtu anakukosea halafu anakuchekesha, unafanyaje? Nilikaza uso. Naye akaacha utani, akaanza kuongea akiangalia zile ndizi.

"Siku ile wewe hukujiona. Mimi niliwaona wanavyokutazama. Wengine walikuwa wanalia. Wengine wameziba midomo wasicheke. Hao wa kucheka ndio nimeshindwa kuwasahau. Nikasema basi, hawataipata tena nafasi hiyo."

"Na mimi nafasi yangu umeipeleka wapi?"

Nilimwambia yote, ya viti na ya vicheko na ya sauti zinazoshuka getini, na kwamba kila Oktoba huwa nasimama nyuma ya mlango. Hilo hakulijua, maana saa hizo anakuwa bado ufukweni. Alijifuta macho kwa mkono wenye utomvu wa ndizi, akayaharibu zaidi. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namshukuru, vyote kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi. Ni mtu aliyenibeba mgongoni kuniingiza hospitali, akaja kunitazama kila siku kwa wiki sita akiwa na viatu vya kuazima. Nikachukua kisu cha pili tukamenya pamoja.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti kuomba mstari ufutwe. Yule mama alimwambia, "Mficha uchi hazai, baba," akatupa siku, Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi.

Sasa nikawa na shida nyingine, ambayo sikuitegemea. Wiki ya zamu nilianza kuamka alfajiri. Nikafua mapazia yote, nikasugua sakafu, nikapaka chokaa ukuta wa mbele, na nilipokuwa nasugua macho ya mume wangu yalikuwa yananifuata na ndoo yangu.

"Unaongea haraka," akasema.

"Naongea haraka kwa sababu maji yanakatika saa nne."

"Jana umelala saa ngapi?"

"Jirani yetu wa kushoto wiki ya zamu yake aliosha mpaka banda la kuku. Kuna mtu alimpigia daktari simu?"

Lakini ukweli ni kwamba niliogopa kuliko yeye. Mgeni akija, kila mwanamke wa mtaa huu anakosa usingizi, anasema sana, ana furaha, anaona nyumba nzima inang'aa. Na mimi nikiwa naumwa nakuwa hivyohivyo. Nitajuaje hii ni ipi? Ile karatasi ya kliniki isingenisaidia, ingenipa namba moja tu. Usiku wa pili nililala kwa muda wa saa nne tu, asubuhi nikakaa kitandani, nikajiambia mama umeitafuta mwenyewe.

Mume wangu ndiye aliyesema, "Si wewe unapima mara tatu? Tupime mara tatu."

Tukakubaliana. Tutaangalia usingizi, tutaangalia kula, na tutaangalia kama naweza kumaliza kazi moja kabla ya kushika nyingine. Vitu viwili kati ya hivyo vikiharibika, mimi mwenyewe nakwenda kwa mwenyekiti kuahirisha, bila ubishi. Nilimpa neno langu, na lilinigharimu kulitoa, kwa sababu niliitaka ile Ijumaa kuliko nilivyotaka kitu chochote kwa miaka sita. Asubuhi ile kulala kulikuwa kumeharibika. Kula nilikula. Kazi nilimaliza. Nikavimeza vidonge vyangu mbele yake, nikampigia daktari mwenyewe nikamweleza, akasema nipunguze kazi za jioni na nilale mapema. Usiku uliofuata nililala kwa muda wa saa sita. Uliofuata, saba. Mume wangu alitangaza matokeo akiwa mlangoni na mswaki mdomoni.

Ijumaa jioni geti lilikuwa wazi kabisa. Yeye alilifunga kwa kamba kwenye mti ili lisiweze kujirudi, akanikonyeza, nikamwambia aende zake. Nikasimama pale na kitenge changu kipya. Nikawasikia kona ya juu. Wakawa wanakuja, wanakuja, wamefika kwenye ukuta wa jirani, wamefika kwenye ukuta wangu, na mimi nimeshika nguzo ya geti nasubiri sauti zishuke. Hazikushuka. Wameingia wakiimba kwa nguvu, kwa makelele hasa, besi ya jirani yetu wa kulia ikipotea tuni kama kawaida yake. Waliweka Mama kwenye meza yangu, kwenye kitambaa changu cheupe.

Rozari yenyewe ilikuwa ya kuchosha, nashukuru kusema. Mzee mmoja alisinzia tulipofika fumbo la tatu. Wakati wa kutaja nia za sala nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, maneno yamejaa mdomoni, nikayarudisha. Nikasema tu, "Namshukuru Mungu kwa wote waliopita getini kwangu." Wakaitikia, tukaendelea.

Chai niliimimina mwenyewe. Dawa zinafanya mikono yangu itetemeke, sindano ya kushonea nimeizoea ila kikombe kikijaa kinanishinda, kwa hiyo nilimimina nusu nusu. Jirani yangu wa kushoto akakiinua kikombe chake, akakichungulia.

"Hivi kwenu Bukoba ndivyo mnavyopima chai?"

"Tunaangalia mnywaji," nikamjibu. "Wewe ukijaziwa huondoki."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka. Nilicheka sana, kwa sauti yangu yote, mpaka nikashika ukuta. Hakuna aliyenyamaza kunisikiliza. Walikuwa wanacheka wao.

Kisha yakaja matangazo. Mwenyekiti alivaa miwani, akatueleza kwamba mwenzetu mmoja amefiwa na mama yake mchana ule huko Misungwi, na kwamba kesho jumuiya inakwenda. Tukasali Baba Yetu moja kwa ajili ya marehemu, halafu akaanza kugawa kazi kama anavyogawa siku zote, haraka, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. Fulani na fulani, maji na kuni. Fulani, ugali. Fulani, kukusanya sahani kwa watu. Akafika kwenye jina langu, nikajiandaa kusikia wewe pumzika.

"Wewe utakuwa na wa mboga. Gari linaondoka saa mbili asubuhi."

Moyo ulinipasuka kwa furaha, na papo hapo nikakumbuka.

"Mama, kesho asubuhi siwezi. Nina kliniki. Nachukuliwa damu, ya kupima zile dawa."

Nililisema mbele ya watu ishirini na kitu, wameshika vikombe vyangu. Mume wangu aliacha kukunja mkeka. Mwenyekiti akainua macho, akaniangalia juu ya miwani, na nilidhani sasa ndiyo inarudi, ile sura ya umekula.

"Unatoka huko saa ngapi?"

"Kama saa tano hivi."

"Basi ukitoka pitia sokoni, chukua nyanya ndoo mbili na vitunguu, uje na basi la mchana. Hela utapewa na katibu. Na uangalie nyanya ngumu, zile za mwezi uliopita zilikuwa uji mtupu." Akateremsha macho kwenye daftari. "Anayefuata."

"Sawa mama," nikaitika.

Nikainama kukusanya vikombe, na niliendelea kuinama kwa muda mrefu kuliko vikombe vilivyohitaji, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka mtu ayaone akaanza tena kunionea huruma.